Soksi za Hollis Tuttle

Hollis Tuttle ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mtu wa maneno machache, na hayo machache huwapa ng'ombe. Yeye na dada yake Verna hawaamkiani tangu mama yao alipofariki akaacha sufuria moja ya kuchemshia shira ya utomvu wa miti na watoto wawili wanaoitaka. Sufuria ilikwenda kwa Verna. Hollis hununua shira dukani, na hapa kwetu New Hampshire, ambako kila mtu hujichemshia yake, hiyo ni aibu ya kuingilia mlango wa nyuma.

Mimi kila Jumamosi niko kwenye ukumbi wa dansi, kwa kuwa binti yangu Thea anapiga fidla na barabara ni barafu tupu, nyumbani ningekaaje? Nakaa karibu na mlango, natazama. Ndipo Hollis akaingia. Daktari kamwambia moyo wake unataka mwendo, akaona heri dansi ya kontra, ile ya jozi kupangana safu ndefu, kuliko vidonge.

"Buti vua hapo, Hollis," nikamwambia. "Sakafu hii haitaki tope."

"Sina viatu vingine."

"Basi cheza na soksi."

Soksi moja ilikuwa imetoboka, dole gumba nje.

Akamwona Verna mkiani mwa safu ya wachezaji. Nikadhani ataondoka. Badala yake akamshika mkono Bi Lovina, mwalimu wa chekechea, wakaenda kusimama kichwani kabisa.

"Mbona mbali hivyo?" nikamuuliza.

"Nakwepa upepo wa mlangoni."

"Hollis, safu hii inatembea."

"Itembee," akasema.

Hakuwahi kucheza kontra maishani. Hakujua kwamba kila muziki unapoanza upya, kila jozi husogea nafasi moja, wa kichwani wakishuka na wa mkiani wakipanda. Kila zamu ikamsogeza kwa yule anayemkimbia. Alipogundua, Verna alikuwa jozi mbili tu mbele yake, na anayetoka katikati huvuruga safu nzima. Thea hakupunguza mwendo. Mkono wangu ulikuwa kifuani, nikiuwazia moyo wa Hollis.

Punde wakakutana, na jozi zikikutana kila mmoja humzungusha mwenzi wa mwingine. Mkizungushana lazima mtazamane machoni, la sivyo kizunguzungu kinawashika. Hollis akatazama dari. Mzunguko wa pili soksi zikateleza, akamng'ang'ania dada yake begani.

"Nitazame, mkaidi wewe," Verna akasema. "Utatuangusha."

"Si nakutazama."

"Unatazama taa."

Akashusha macho. Wakazunguka sawasawa.

"Umezeeka, dada."

"Na wewe soksi zimekushinda."

Mwita hatua, anayewaongoza wachezaji kwa sauti, akaita hatua nyingine, wakaachana.

Sufuria bado iko kwa Verna, na dukani bado wanapishana kama hawajuani. Lakini Jumamosi iliyofuata Hollis alikuja na viatu laini. Akakaa nami mlangoni mpaka Verna aliposhika nafasi yake kichwani, kisha akamchukua Bi Lovina wakaenda kusimama mkiani kabisa, safari hii akijua kwamba safu inatembea.

"Upepo?" nikamuuliza.

"Upepo," akasema.