Mbwa Wetu Alipotiwa Jandoni

Uamuzi wa kumhasi mbwa wetu ulikuwa wangu, lakini aliyenilazimisha ni jirani yangu hapa Mkunya. Yeye ana mbwa jike, na kila jike huyo alipokuwa kwenye joto, mbwa wangu aliruka uzio, akakanyaga mihogo iliyoanikwa na kupigana na kila dume aliyemkuta. Siku moja jirani alinijia na uso mkavu. Nilishtuka. Yeye ni Mmakua, mimi Mmakonde; sisi ni watani, na hatujazoea kuzungumza bila kutukanana kwanza.

"Akivuka tena namtegea sumu," alisema. "Nimekwambia."

Nilikwishasoma kwamba dume aliyehasiwa hupunguza kuzurura. Mke wangu hakushawishika.

"Ukishamtoa hizo, mwizi wa korosho atamwogopa tena?"

"Anabweka kwa koo," nilimjibu.

Bwana mifugo alikuja kwa bodaboda kutoka Masasi, akamchoma mbwa dawa ya usingizi na kumaliza kazi chini ya mkorosho. Alipokuwa ananawa mikono ndipo aliponiambia jambo ambalo sikuwahi kulisoma: mbwa afungwe, kwa sababu hata kidonda kikipona, kwa wiki kadhaa bado anaweza kumpa jike mimba.

Habari zilimfikia jirani kabla mbwa hajazinduka. Alikuja na ngoma na bakuli la unga, nyuma yake wanawake wawili wakipiga vigelegele.

"Hodi! Mwali wetu yuko wapi? Nyie Wamakonde kwa ubahili! Mtoto unamtia jandoni kimyakimya ili usipike ubwabwa?"

"Mtani, huyu kakatwa kupita kiasi."

"Ndiyo tabu ya kuagiza ngariba Masasi!"

Akampaka mbwa unga kwenye paji la uso, kama anavyopakwa mwali. Mbwa, bado amelewa dawa, akajaribu kuulamba asiufikie. Jirani akatangaza kwamba yeye ndiye mlezi wa mwali. Huku kwetu kila mwali ana mlezi, na mlezi ndiye anayemlinda mpaka atoke jandoni.

"Nimekubali," nilisema upesi. "Na hawa mama wamesikia."

Akacheka. Sidhani kama alikuwa ameliwaza hilo hadi mwisho.

Kidonda kilipona, lakini zile wiki hazijaisha jike akaingia tena kwenye joto. Mke wangu aliikuta kamba imetafunwa.

"Baba, sumu!"

Nilitoka mbio na kandambili moja. Barabarani nikakutana na jirani akimvuta mbwa wangu kwa kipande cha kanga. Mbwa alikuwa mzima, pua nyeupe kwa unga wa muhogo, mtulivu kama aliyetoka harusini.

"Mwali katoroka jando!" jirani alifoka. "Kanimwagia unga!"

"Na sumu je?"

"Nimpe sumu mwali wangu mwenyewe? Watu watanionaje?" Akanikabidhi kanga. "Mfunge kwa mnyororo. Na siku ya kumtoa, mlezi anakula jogoo."

Tulimtoa kwa ngoma, na jogoo aliliwa. Baadaye jike akazaa watoto, wote wana masikio ya mbwa wangu, moja limesimama na moja limelala. Jirani anawaita wajukuu zake. Juzi aliwaangalia wakichimbua mihogo yake, akaniuliza bwana mifugo wa Masasi anapatikana siku gani.