Siku Pikipiki Yangu Isiyosikika Ilipomfikia Mama Mkwe

Niseme ukweli, hadi leo nikipita mashine ya kusaga ya Kemambo nashusha helmeti hadi puani, kwa sababu pale kuna watu walioniona nimemkumbatia mama mkwe wangu mchana kweupe.

Nilinunua pikipiki ya umeme hapa Tarime, ile isiyo na moshi wala muungurumo, na chini ya kiti ina kidude kinacholia mluzi mwembamba ukienda polepole, ili (muuzaji alinieleza vizuri kabisa, sina kisingizio) watu wakusikie wakupishe. Basi kijiweni bodaboda wenzangu wakawa wananicheka, "Marwa, friji lako linalia!", siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikachoka, nikampelekea fundi akakata waya. Akakata na wa honi humo humo, wala hakuniambia (na mimi sikuijaribu).

Jumapili nikaenda ukweni. Mke wangu alifariki mwaka jana, binti yetu Bhoke analelewa na bibi yake, na Jumapili ndiyo siku yangu ya kumwona, sina nyingine. Sasa kwetu mkwe na mama mkwe hawakaribiani, kugusana ndiyo usiseme, na miaka yote mama akisikia pikipiki yangu ya zamani inakohoa kule bondeni aliacha njia mapema, mimi napita naangalia pembeni, heshima inabaki.

Siku hiyo hakusikia kitu. Nakata kona, huyu hapa mbele yangu, amenipa mgongo, beseni la unga wa muhogo kichwani, anatoka mashineni. Nikabonyeza honi, kimya. Nimwite? Mkwe anamwitaje mama mkwe njiani? Nikafunga breki, changarawe zikalia, akageuka, akaona tairi kwenye visigino vyake, "Yesu wangu!", beseni likanimwagikia, yeye akateleza, na mikono yangu ikatangulia akili, nikamdaka.

"Wewe Marwa! Mwachie mama wa watu!" akapaza sauti mwanamke mmoja kwenye foleni ya mashine.

"Nikimwachia ataanguka!" nikajibu, mweupe kichwa hadi viatu, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Mimi sikucheka. Wakinifungia mlango, Bhoke nitamwonea wapi? Nilipofika nyumbani kwao habari ilikuwa imeshatangulia, nikamwamkia baba mkwe shikamoo. Akaitazama pikipiki, akasema nilete mbuzi wa kuondoa aibu, akaingia ndani. Nikabaki uani na unga wangu, hata kukaa naogopa, mpaka nikasikia sauti ya mama nyuma ya mlango, anamtuma mjukuu wake: "Mwambie baba yako Jumapili aje. Ila aje akisikika."

Mbuzi nilipeleka. Waya ulirudishwa kesho yake asubuhi (na wanaotunga sheria za pikipiki hizi, nawaomba waanze na hicho kidude, kiwe lazima). Nyumbani marehemu ndiye aliyekuwa mwongeaji, mimi nilizoea kupita kimya, na tangu aondoke nilizidi. Sasa nikikaribia kwao napunguza mwendo makusudi, mluzi unalia, mama anaingia jikoni, na Bhoke anatoka mbio, "Friji la baba limefika!" Waya ule siukati tena maisha yangu yote.