Kila Mama na Mtoto Wake

"Huyo wa Qatar atawaonyesha watoto wetu sinema tu," walisema kwenye soko la mifugo, Isiolo. Mjomba, shavu limejaa miraa, aliongeza, "Diploma aliipata kwa simu. Na mbuzi wetu atawalipa kwa simu." Wakacheka mpaka ng'ombe wakageuka.

Nilikuwa mlinzi Qatar. Mtu aliyesomea diploma ya kompyuta juu ya kitanda cha walinzi, bila darasa wala mwalimu, habaiki kwa kicheko cha soko. Jamaa zangu walikuwa wamenikopesha mbuzi, nikawauza nikanunua projekta na kompyuta ya mitumba. Mwalimu mkuu wa shule moja upande wa Ngaremara alinipa muhula mmoja: watoto waweze kupanga kazi hatua kwa hatua, jinsi kompyuta inavyotaka kuelezwa, la sivyo nifungashe. Nikifungasha, mbuzi wa watu ningewatoa wapi?

Siku ya kwanza nilitundika shuka ukutani, nikaziba madirisha kwa magunia. Vumbi likaelea ndani ya mwanga, polepole, kana kwamba darasa zima liko chini ya maji. Katika video niliyopakua mjini, mwanamke mwenye sauti laini alisema tuifundishe kompyuta kuhesabu kondoo wanaoingia zizini. Mmoja, wawili, watatu.

Watoto wakatazamana.

"Hesabuni basi!"

"Mwalimu," msichana wa dawati la mbele akasema, "mifugo haihesabiwi. Ukiihesabu, itaisha."

Na mimi nimezaliwa hapa hapa, nikausahau mwiko huo! Mwingine angetafuta video nyingine. Mimi nilisimamisha ile ile. Kondoo wakabaki hewani, miguu juu.

"Sasa jioni unajuaje kama kuna aliyepotea?"

"Naangalia kila mama. Kama mtoto wake yuko, wanapita. Kama hayuko, namtafuta. Halafu mama mwingine."

"Mpaka lini?"

Akanitazama kama mjinga. "Mpaka mama waishe, mwalimu."

Kila. Kama. Mpaka. Kompyuta nayo huelezwa kwa maneno hayo hayo. Niliyaandika ubaoni maneno yake mstari kwa mstari, kisha nikayaingiza kwenye kompyuta yawe programu ya kuwaendesha kondoo. Kondoo wakaanza kutembea juu ya shuka, kila mmoja na mwanawe, bila namba hata moja. "Huyo mweusi ni wetu!" mtoto akapiga kelele.

Tangu hapo kila video niliisimamisha kabla haijatoa jibu, wakajibu wenyewe. Muhula ulipoisha, mwalimu mkuu aliniajiri, na shule za jirani zikaniita. Nani mwingine wangemwita?

Kwa mshahara nilinunua mbuzi wenye watoto, nikamrudishia kila aliyenikopesha. Mjomba nilimwacha wa mwisho. Jua lilikuwa linazama, vumbi limegeuka dhahabu. Alisimama langoni, hakuhesabu. Aliangalia kila mama, akamngoja mtoto, akawapisha. Yule wa mwisho alipoingia, akaburuta tawi la miiba, akafunga boma.

"Wametimia," akasema. "Karibu chai, mwalimu."