Siku Madiwani Walipokuja Kukiona Choo Changu

Mnaotaka kucheka chekeni kwanza, tumalizane, maana najua picha mmeshaiona: ule mkono unaotoka juu ya mlango wa choo, umeshika ufunguo, ni wangu mimi Kondo, mzee mwenye wajukuu, ninayeswalisha wenzangu imamu akichelewa. Wanangu walijaribu kunitetea kwamba picha imetengenezwa na kompyuta. Haikutengenezwa. Ni mimi, na hakuna aliyenisukuma humo ndani.

Yote yalianza na ukuta. Nyumba yangu iko konani, huku Kibaha, mtaa sitautaja kwa kuwa mwenyekiti wake bado tunasalimiana. Ukuta wa upande wa barabara unatazamana na kijiwe cha bodaboda, fundi pikipiki mmoja, na banda la Mama Neema, mama lishe aliyekuja na sufuria zake kutoka Iringa zamani, na ambaye supu yake ya asubuhi (hili nalisema mke wangu akiwa hayupo) haina mpinzani. Sasa watu wakishakunywa supu na chai, pamoja na wale abiria wanaotafuta bodaboda ya kuwahi treni Soga, walikuwa wanakuja kumalizia ukutani kwangu. Niliandika kwa rangi nyekundu USIKOJOE HAPA, wakawa wanasoma huku wanakojoa. Nikapanda michongoma, ikastawi ajabu (kwa mbolea ile, ingeachaje kustawi).

Mtu mwenye akili angevuka barabara, akamwambia Mama Neema, "Mama, wateja wako wananiharibia ukuta," wakayamaliza pale pale kwenye benchi. Mimi sikuvuka. Halmashauri ilikuwa imetangaza mkutano wa kusikiliza kero za wananchi, nami nilikuwa na koti jipya ambalo halijapata pa kwenda.

Mikutano ile mnaijua. Maafisa wanakaa chini ya turubai na maji ya chupa, sisi tunakaa juani na kero zetu, na kila anayesema anajibiwa kwamba kero yake imechukuliwa. Zinachukuliwa kweli, zinapelekwa wapi hatuambiwi. Kwa hiyo nilipopewa kipaza sauti nilisema kama mtu anayejua hakuna kitakachotokea: nikataja heshima ya mji, nikataja afya ya vizazi vijavyo, nikasema mkojo kwa namna ambayo hata kina mama walipiga makofi. Afisa mmoja akauliza eneo lina biashara gani. Nami kwa kupenda kuonekana makini nikazitaja zote, moja moja, na Mama Neema nikamweka mwisho, kwa sauti nzuri tu.

Kero zote zikachukuliwa. Yangu ikashughulikiwa.

Siku chache baadaye niko bandani, chapati mkononi, gari la halmashauri likasimama. Bodaboda walipotelea mitaani kabla breki hazijalia. Fundi pikipiki alipanda pikipiki ya mteja, iliyokuwa haiwaki tangu juzi, ikawaka. Aliyebaki ni Mama Neema, maana sufuria ya supu ikiwa jikoni huwezi kukimbia nayo. Akashuka afisa afya wa kata, binti mpole, ana adabu zote.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba. Mama, hii biashara ina choo cha wateja?"

"Mwanangu, wateja wangu wanakula wanaondoka."

"Kuna mwananchi amelalamika, mama. Bila choo itabidi tulifunge banda."

Mama Neema akaweka upawa chini. "Mwananchi gani huyo? Kwa nini asije aniambie mimi? Watoto wangu wanasoma kwa sufuria hii!" Kisha, katika watu wote waliokuwepo, akanigeukia mimi. "Baba, wewe unakaa hapa hapa. Umewahi kumwona mtu mwenye roho ya hivyo?"

Chapati ikanikwama. Nikatikisa kichwa (na haukuwa uongo kamili, nilikuwa nakabwa). Yule binti akaanza kuandika, na nikiangalia ile kalamu inavyokwenda, na Mama Neema anavyofuta kwenye kitenge mikono ambayo tayari ilikuwa mikavu, nikasikia mdomo wangu unasema bila kuniuliza:

"Choo anacho. Anatumia changu. Tulishakubaliana."

Mama Neema alinitazama kama mtu aliyeona malaika amevaa kandambili.

"Basi tukakione, baba," akasema binti.

Uani tulimkuta mke wangu, Bi Zena, anafua. Binti akamwamkia na kumwambia tumekuja kukiona choo cha wateja. Bi Zena akanyanyua uso kwenye beseni. "Wateja wa nani?" Nikamkonyeza. Akadhani nimeingiwa na povu la sabuni jichoni. Bahati nzuri (wakati ule niliiita bahati) choo chetu cha nje ni kizuri, nilikipiga vigae vyeupe kwa mafao yangu ya kustaafu, kina ndoo ya maji na sabuni. Binti akafurahi mpaka akapiga picha. Akatoa masharti mawili tu: geti liwe wazi muda wote banda likiwa wazi, na kiwekwe kibao. Alipoondoka ndipo Bi Zena akaongea.

"Kondo. Choo changu umekigeuza stendi?"

Nikamwambia ni Mama Neema peke yake. Nilikuwa naamini hivyo kwa karibu saa nzima. Fundi pikipiki aliporudi na kuulizwa choo na yule binti, akasema anatumia cha Mzee Kondo. Kinyozi naye, cha Mzee Kondo. Muuza chipsi wa jioni, ambaye mimi hata jina lake silijui, cha Mzee Kondo. Asubuhi nikitoka na kopo langu nakuta foleni. Nikigonga, sauti kutoka ndani inanijibu, "Shikamoo mzee!" Nami nasema marahaba, chukua muda wako kijana, halafu nasimama nyuma ya kinyozi, uani kwangu, natazama nguo za mke wangu kwenye kamba pamoja na watu nisiowajua. Na ukuta? Ukuta waliendelea nao, kwa sababu foleni ya choo ilikuwa ndefu.

Bi Zena alivumilia mpaka siku aliyokuta mtu anamwuliza maji ya moto yako wapi. Akafunga mkoba. "Naenda Kisarawe kwa dada. Choo kikirudi kuwa cha kwetu, nipigie."

Sasa hapo ndipo mwenyekiti wa mtaa akaja na habari njema. Alikuja anacheka.

"Mzee Kondo, umetutoa kimasomaso! Kwenye taarifa ya halmashauri imeandikwa kero imetatuliwa kwa ushirikiano wa wananchi na wafanyabiashara. Kamati ya madiwani inakuja kukiona."

"Kuona nini?"

"Choo! Wakiridhika, Mama Neema anabaki moja kwa moja. Wasiporidhika banda linaondoka, maana kuna wanaosema ile kona isafishwe."

Usiku sikulala vizuri. Asubuhi nikakisugua choo mpaka vigae vikaninong'oneza jina langu, nikaweka kofuli mlangoni, nikatangaza mbele ya kijiwe kizima: asiingie mtu mpaka wageni wapite. Amri niliiweka mimi, na aliyeivunja nikawa mimi. Wasiwasi ulinifanya ninywe supu mabakuli mawili, na Mama Neema, kwa upendo, akaongezea pilipili. Wageni walipokuwa wanakaribia mtaa, tumbo langu likaitisha mkutano wake. Nikafungua kofuli, nikaliacha linaning'inia kwenye komeo la nje, ufunguo nikautia mfuko wa kanzu, nikaingia.

Nikasikia nyayo. Mwenyekiti alikuwa ametangulia kuhakikisha mambo yako sawa.

"Kuna mtu?"

Mnajua desturi yetu: aliye chooni hukohoa. Kukohoa tu! Sikuhitaji hata kutaja jina. Lakini nyuma ya mwenyekiti nilisikia sauti za kina mama, na sauti ya yule binti wa afya, nikaona aibu mzee mwenye kanzu nyeupe akohoe mbele yao. Nikanyamaza, nikisema wakipita nitatoka taratibu.

"Wameliacha wazi hawa, watatuchafulia," akasema mwenyekiti. Kofuli likalia *kacha*.

Halafu uani pakajaa. Nilisikia viatu, nilisikia salamu za itifaki, nilimsikia binti anaeleza kwa sauti nzuri jinsi mzee mmoja alivyojitolea. Mtu akaomba afunguliwe aone.

"Ufunguo anao mwenyewe, mheshimiwa," akasema mwenyekiti.

"Na mwenyewe yuko wapi?"

"Alikuwepo hapa sasa hivi."

Kisha diwani mmoja mwenye sauti nzito akasema, "Mnaona? Hizi ndizo kazi za kutuonyesha sisi. Kibao kipo, kofuli lipo, mtu hayupo. Huyu mama hana choo. Afisa, andika banda lifungwe leo."

"Mheshimiwa, nakuomba," nikamsikia Mama Neema, na sauti yake haikuwa ile ya kugombana na wadaiwa. "Mngojeeni kidogo. Atakuja. Mzee huyu hasemi uongo."

Ningeweza kuvumilia yote, jamani. Ningeweza kukaa humo mpaka Isha. Maneno yale manne ya mwisho ndiyo niliyoshindwa.

"Nimo humu," nikasema.

Nikasikia viatu vyote vinageukia mlango.

"Nani huyo?"

"Mimi Kondo. Mwenye choo."

"Unafanya nini humo?"

"Mheshimiwa, mlikuja kuhakikisha kama kinatumika. Kinatumika."

Uani palilipuka. Mwenyekiti peke yake ndiye hakucheka. "Mzee, si niliuliza kama kuna mtu? Kikohozi kimoja tu kilikushinda?"

Nikaona heri niyaseme yote huko huko, maana mlango ulikuwa unanisitiri na nilijua nikitoka sitaweza. Nikawaambia kwamba mwananchi aliyelalamika ni mimi, kwamba Mama Neema sikuwahi kukubaliana naye chochote, kwamba nilidanganya nikiwa na chapati yake mkononi, na kwamba kama kuna wa kufungiwa, mimi nimeshafungiwa, yeye wamwache. Nilisema vizuri kuliko siku ya kipaza sauti. Makofi hayakupigwa.

"Haya utayamalizia nje, mzee wangu," akasema yule diwani, na sauti yake sasa ilikuwa imepungua uzito. "Huo ufunguo uko wapi?"

"Ninao mimi."

Wakacheka upya, mpaka nikasikia mtu amekalia beseni la Bi Zena. Nilijaribu kuupitisha chini ya mlango, lakini nilipojenga nilipandisha kizingiti ili maji ya mvua yasiingie, hata karatasi haipiti. Ikabaki tundu la hewa juu. Nikaigeuza ndoo nipande, nikasahau kwamba ina maji, yakanimwagikia kanzu yote kuanzia kiunoni. Nikapanda hivyo hivyo, nikatoa mkono na ufunguo, na hapo ndipo kijana mmoja wa bodaboda akapiga ile picha. Ilifika Kisarawe, kwenye kundi la ukoo, kabla kanzu haijaanza kukauka. Nilipotoka watu walirudi nyuma hatua mbili, nami nikawa natembea uani kwangu naapa kwa Mungu kwamba ni maji ya ndoo.

Kamati ilikagua. Diwani mmoja alikagua kwa muda mrefu kidogo, mlango ukiwa umefungwa, na alikohoa. Kisha wakaamua papo hapo: banda la Mama Neema libaki, na choo cha Mzee Kondo, kwa kuwa mwenyewe amethibitisha mbele ya kamati kwamba kinatumika, kiendelee kuhudumia kona nzima mpaka halmashauri itakapojenga chake. Ujenzi huo nao umechukuliwa, pamoja na kero nyingine.

Wageni walipoondoka nilikwenda bandani na kanzu yangu mbichi. Nilijiandaa kutukanwa, nadhani nilitamani kutukanwa. Mama Neema alinipa kiti kwanza.

"Baba, ungevuka tu barabara uniambie. Ningewakataza mimi mwenyewe, wananiogopa kuliko halmashauri."

Nilichojibu ni kwamba supu ilikuwa na pilipili nyingi.

Bi Zena alirudi mwisho wa wiki. Choo hakikuwa kimerudi kuwa cha kwetu, ila alisema dada yake alikuwa anacheka picha ile kila mlo na yeye hakutaka heshima ya mume wake ishuke zaidi ya pale. Siku ya pili yake akalalamika moshi wa banda unaingia chumbani. "Nenda kaseme," akaniambia, na mimi nikavaa kandambili, nikavuka barabara, nikasimama mbele ya Mama Neema moyo unanidunda kuliko siku ya madiwani, nikamwambia habari ya moshi. Akasema, "Kumbe ni hilo tu, baba?" akalisogeza jiko upande wa pili kabla sijamaliza kuomba radhi.

Mikutano ya kero bado inaitishwa, na mimi bado nakwenda. Ila nakaa benchi la nyuma kabisa, na kipaza sauti kikianza kuzunguka, mikono yangu yote miwili naikalia.