Mgeni wa Saa Mbili na Nusu

Pale masjala tulimwita Mzee Jalada, na haikuwa kwa heshima. Alikuwa na miaka thelathini na moja katika chumba kile kile, kati ya makabati ya chuma na dirisha lililogoma kufunguka, akipokea barua za idara ya maji, akizigonga mhuri, akizipa namba na kuzifunga kwenye majalada. Kujibu haikuwa kazi yake. Barua hujibiwa na wakubwa huko ghorofani. Karani wa masjala hupokea na kutunza, basi. Ukimsabahi asubuhi alikutazama kwanza, kama anayetafuta salamu yako iingie jalada lipi. Tulimcheka, na mimi nilikuwa hodari wa kumcheka kuliko wote, kwa kuwa ndimi fundi wa kompyuta wa idara na mdomo wangu hauna breki.

Nilianza kupunguza kicheko siku aliyoniletea barua ya bintiye. Ilikuwa karatasi moja, na juu yake, Mungu wangu, alikuwa ameigonga mhuri: IMEPOKELEWA. Ndani mlikuwa na anwani ya ukurasa wa mtandaoni na neno moja chini yake, "Ukitaka." Akaniuliza kwa sauti ya chini kitu hicho hufunguliwaje.

Habari yenyewe niliipata kidogo kidogo, maana kumtoa maneno yule mzee kulitaka subira. Mkewe alishafariki, na mtoto alikuwa mmoja tu, huyo binti. Aliacha chuo cha ualimu mwaka wa mwisho akamfuata dereva wa malori mji mwingine. Mzee alisimama mlangoni akamwambia aende, ila yeye baba asisikie tena habari zake. Binti naye ana kichwa kigumu, kile kile cha baba. Alibadilisha namba ya simu, hakupiga, hakuja. Alichofanya ni kufungua blogu na kuandika maisha yake humo. Baba akitaka asome, asipotaka shauri yake. Na baba alitaka. Alitaka mno.

Idara tayari ilikuwa na kisoma habari cha mtandaoni, tulichokitumia kufuatilia nyaraka za wizara. Kazi yake ni rahisi: unakipa anwani za kurasa unazozifuata, nacho kinazizungukia kwa niaba yako na kukuletea kila jipya mahali pamoja. Nikaipachika anwani ya binti katikati ya matangazo ya zabuni na mabomba. Tangu hapo, kila asubuhi saa mbili na nusu, kabla hajagusa barua yoyote, mzee alifungua kompyuta. Kisoma habari kilimwonyesha mistari mitatu ya mwanzo tu. Ili asome yaliyobaki ilimbidi abofye kichwa cha habari na kwenda hadi kwenye ukurasa wenyewe. Binti aliandika juu ya cherehani yake, juu ya paa linalovuja jikoni, juu ya tumbo lililoanza kuonekana. Kisha mtoto akazaliwa, na Mzee Jalada akawa babu mbele ya skrini, peke yake, wala hakumwambia mtu ila mimi.

Kule kwenda kwenye ukurasa kulimsumbua. Herufi zilikuwa ndogo juu ya rangi ya zambarau, na macho yake yalikwisha kuchoka. Tena aliona haya. Aliniambia kila akibofya anajiona kama anaingia nyumbani kwa mtu bila kupiga hodi.

Hapo nikajitia ubingwa. Nilimweleza kwamba kuna viongezi, vijiprogramu vidogo vya kuvalisha kivinjari ili kisoma habari kifanye zaidi ya kile kilichozaliwa nacho. Kimoja nilikiweka kikakuza herufi hadi zikatosha kwa bango la barabarani. Kingine kilimwezesha kuipa kila habari namba na rangi, na siwezi kueleza furaha ya karani aliyegundua kwamba anaweza kumfungulia bintiye jalada. Cha tatu ndicho nilichojivunia: kilikwenda kuchota andiko zima na kulimwaga humo humo ndani ya kisoma habari. Asingehitaji kubofya wala kwenda popote. Mzee alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru mpaka nikaona aibu. Siku ile nilitembea kifua mbele.

Basi ikawa anasoma. Anasoma, anatia namba, anatunza. Kujibu hajibu. Nilimsema hadi nikachoka. Nilimkumbusha kwamba chini ya kila andiko la binti kuna nafasi ya kuacha neno, na kwamba barua pepe yake ameiandika pale pale, kila mtu aione. Alisema ataandika, ila bado anatafuta namna ya kuanza. Siku moja nilichungulia rasimu yake. Ilianza, "Husika na andiko lako la tarehe tajwa hapo juu." Nikamwambia huyo ni mwanawe, si wizara. Alicheka, akaikunja ile karatasi, akaitia kwenye trei ya barua zinazosubiri.

Mtoto alipougua homa, binti aliandika siku tatu mfululizo, mistari michache michache ya mtu asiyelala. Mzee hakugusa kazi siku hizo. Nilipandwa na hasira. Nilisimama mbele ya meza yake nikamwambia leo ndiyo leo, aandike. Akaandika kweli, ukurasa mzima, barua ya baba hasa, nami nikaisoma mara mbili. Akasema ataituma kesho akishaipitia. Kesho yake binti akaandika kwamba mtoto amekula na amecheka. Mzee akaitoa barua kwenye trei.

"Ameshapona," aliniambia. "Tusimsumbue."

Nilimchukia siku ile, nasema kweli. Nilijua binti hatangoja milele, na nilijua mzee anajua, na bado tulikaa hivyo, yeye na trei yake, mimi na kelele zangu.

Mwaka wa nne ofisi ilimlazimisha kwenda likizo ya siku ishirini na nane, ambayo alikuwa akiikwepa kila mara. Nyumbani hakuwa na kompyuta, na simu yake ilikuwa ya kupigia tu. Jumatatu aliyorudi nilisikia ananiita kutoka masjala, naye hakuwa mtu wa kuita. Nilimkuta amesimama. Kwenye skrini, kwa zile herufi kubwa, palikuwa na andiko la siku kumi na tisa nyuma. Akaniomba nimsomee, akidai macho yamemkataa.

"Nafunga ukurasa huu," binti alikuwa ameandika. "Niliufungua kwa ajili ya mtu mmoja. Nina kihesabu kinachonionyesha wageni wanaoingia, na mwanzoni alikuwepo mgeni mmoja, kila asubuhi saa mbili na nusu, siku za kazi tu. Sikuwa na haja ya kuuliza ni nani. Nilikuwa naamka namsubiri. Sikutaka aseme kitu, ilinitosha kwamba anakuja. Kisha tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, mwaka ule mwanangu alipozaliwa, hakuja. Hakuja tena. Nilidhani amekufa, nikampigia jirani yake, akaniambia yu mzima na kila siku anakwenda kazini. Nimeendelea kuandika miaka mitatu nikidhani atarudi. Sasa tunahama, mbali, na sitaki kuhama na kungoja huku."

Nilibofya kichwa cha andiko. Ukurasa haukuwepo tena; kilichobaki ni nakala ile iliyokwisha kuchotwa na kisoma habari. Nikatuma barua pepe pale pale, mzee akinitazama vidole, na majibu yakaja papo hapo kwamba anwani hiyo imefutwa. Tukampigia jirani. Alikumbuka, ndiyo, binti alipiga mara moja tu, kwa simu ya kuazima, akamsihi asimwambie baba. Namba yenyewe hakuwa nayo. Mwanamke wa watu akaanza kulia kwenye simu, ikabidi mimi nimtulize.

Nilikwenda mezani kwangu nikafungua kitabu cha matengenezo, ambamo kila kinachobadilishwa kwenye kompyuta za idara huandikwa kwa tarehe na sahihi. Tarehe kumi na nne, mwezi wa tatu, masjala: kiongezi cha kuleta andiko zima. Sahihi ni yangu. Nilikaa nimekishika kile kitabu nisijue niende nacho wapi. Ningeweza kukifunga na kunyamaza, na wazo hilo lilinijia, silifichi.

Nilirudi nikamweleza yote. Kwamba kihesabu cha binti kilihesabu watu wanaoufungua ukurasa wenyewe tu, si kiongezi kinachochota maandishi. Kwamba tangu siku niliyoweka kile kitu, yeye hakufika tena. Kwamba mkono ulioweka ni wangu. Alisikiliza hadi mwisho. Nilitamani anitukane, ningepata nafuu.

"Kwa hiyo mwanzoni alikuwa ananiona," alisema.

"Alikuwa anakuona, mzee. Kila asubuhi."

Akakaa. Alichukua muda mrefu kutafuta pa kuweka mikono.

"Nimesoma yote, Fundi. Mia mbili arobaini na sita. Hakuna hata moja nililoliruka."

"Najua."

"Yeye hajui."

Simu ya kutoka ghorofani ililia mpaka ikanyamaza yenyewe. Baadaye mzee alivuta kiti karibu na skrini, akaniuliza taratibu kama hakuna kiongezi kingine, hata kiwe kidogo kiasi gani, cha kumwezesha binti aone kwamba siku zote zile alikuwepo. Kwa miaka minne hakuwahi kuniomba kitu cha kompyuta nikakikosa.

"Hakuna, mzee," nilimwambia.