Maua Juu ya Ampli

Mama mkwe wangu hawezi kuvumilia kuona chombo cha muziki kiko uchi. Redio ya sebuleni kwake, kule Gasenyi, ina kitambaa chake cha kufuma, televisheni ina chake, na hata simu yake hulala chini ya kimoja. Kwa hiyo alipoiona ampli ya kukuzia sauti niliyofunga kwenye buti ya gari langu, hakukawia kuniletea kifuniko: maua mekundu juu, blanketi ndani, kipimo sawasawa kama kanzu ya mtoto. Nilikipokea kwa mikono miwili. Zawadi ya mama mkwe haina kubishaniwa.

Tangu hapo ampli ikaanza kuzima. Nyimbo tatu tu, taa nyekundu inawaka, sabufa zote mbili zinanyamaza. Ukiigusa, inaunguza. Na Jumamosi ndiyo harusi ya shemeji yangu, binti kitinda mimba wa mama huyohuyo, mimi nikiongoza msafara na muziki wote ukitoka kwangu. Kumpeleka bibi harusi kimyakimya, kama tunakwenda kuzika? Afadhali nivuke mpaka wa Gatumba nisirudi.

Nikaenda kwa fundi, mtaa wa Mutakura. Kwanza nikavua kifuniko na kukikunja kitini, maana mikono ya fundi ina grisi, na maua yale ningeulizwa. Fundi akakuta waya mmoja umefungwa juu ya rangi ya gari, haugusi chuma. Akakwangua rangi, akaukaza. Tukapiga muziki mpaka muuza nyanya wa jirani akahamisha meza yake.

"Gusa! Iko baridi kama tumbo ya samaki," akasema fundi.

Nikalipa, baada ya mabishano ya heshima, nikarudisha kifuniko, nikaondoka. Kabla sijafika nyumbani, kimya.

Kesho yake nikarudi. Nikavua kifuniko, nikakunja. Ikapiga asubuhi nzima.

"Patron, hii ampli haina ugonjwa. We ndio haikupendi."

"Basi mi nitakaa hapa kwako mupaka harusi iishe."

"Kaa. Lakini kiti utalipia."

Ijumaa mama mkwe akaja kukagua gari. Nilikuwa najaribu muziki uani, kifuniko kikiwa mahali pake. Akaingiza mkono chini ya maua kunyoosha pindo, akautoa mbio.

"Mukwe! Hii kitu iko na homa!"

"Kidogo, mama."

"Kidogo wapi? Mutu wa homa munamufunika blanketi? We ulilelewa wapi?"

Nikahesabu kichwani: mara mbili kwa fundi kimevuliwa, mara mbili imepona. Nikahesabu tena. Hesabu ileile. Nikampisha aliyelishona blanketi hilo.

Akakivua mwenyewe. Akakata uzi kwa meno, akatoa blanketi, akayatandaza maua juu ya sanduku la sabufa.

"Hizi ndio ziko uchi," akasema.

Jumamosi wimbo wa tatu ulipoisha, nilishika usukani kama mtu aliyeshika mbuzi sokoni. Wa nne ukaingia. Besi ikatikisa kioo. Kwenye kiti cha nyuma, mama mkwe akamwambia bibi harusi:

"Hii ampli ilikuwa inakufa. Mi ndio niliitibu."

Sifa hiyo sikuibishania bei. Nikaongeza sauti.