Mrithi wa Urruzpea

Kwetu bonde la Baigorri mtu haulizwi ni mtoto wa nani. Huulizwa anatoka nyumba gani. Nyumba ndiyo yenye jina, sisi tunaliazima tukiwa hai. Mama mkubwa Graxiana, dada yake mama yangu, alizaliwa Urruzpea, na jina hilo likammeza.

Hakuzaliwa awe mrithi. Mrithi alikuwa kaka yao Ganix, mtoto wa kwanza, kwa kuwa nyumba haigawanywi: mmoja hubaki nayo nzima, wengine hutafuta riziki kwingine. Graxiana alikuwa mchumba wa Erramun, mrithi wa Etxegoien, nyumba ya jirani. Alikuwa akidarizi shuka za kitani za kwenda nazo, kila moja na jina la Etxegoien pembeni kwa uzi mwekundu.

Ganix alipoitwa jeshini alitoroka kwa kuvuka mlima wa mpakani, akaishia Amerika kuchunga kondoo. Jumapili baada ya kupata habari hizo, supu ya kabichi ikiwa mezani, baba yao mzee Bettiri alisema bila kuinua uso:

"Graxiana, nyumba ni yako."

"Baba, mimi si naenda kwa Erramun?"

"Ulikuwa unaenda. Nipe mkate."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Mrithi haolewi na mrithi. Moto wa nyumba moja ungezimika, na bondeni hayupo ambaye angekubali uwe wa kwao.

Graxiana alimfuata Erramun mlimani, alikokuwa akikata kangaga za kutandika zizini.

"Njoo wewe kwetu," akamwambia.

"Na wazee wangu niwaachie nani? Nani awawashie mishumaa marehemu wetu kanisani?"

"Basi twende Amerika. Ganix atatupokea."

Erramun akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Akafuta mundu kwa nyasi, polepole mno.

"Mwoga wewe," Graxiana akasema.

"Mwoga, ndiyo. Na wewe mbona hujafunga mzigo?"

Aliufunga wiki ile ile. Siku ya soko aliteremka na kikapu, ndani mna nguo na jibini ya kula njiani, akaelekea kwenye treni. Darajani akakutana na wanawake watatu waliokuwa wakitoka kufua.

"He! Urruzpea!" wakamwita. "Mama mwenye nyumba, wapi mchana huu?"

Mpaka juzi walikuwa wakimwita Graxiana. Alisimama, mkono kwenye ukuta wa daraja. Aliniambia kwamba kama wangemzuia, angewasukuma apite. Lakini walikuwa wamemsalimia tu, kwa heshima.

"Nafuata chumvi," akasema.

Akanunua chumvi, akarudi kukamua ng'ombe.

Mdogo wake Pantxika alikuwa mtumishi wa nyumbani huko Bordo. Aliporudi, Graxiana alimsihi achukue nyumba. "Mimi?" Pantxika akajibu. "Baba amekutaja wewe. Ukitajwa umetajwa, dada." Mwaka wa pili wazazi wa Erramun walikuja kuposa, wakiwa wamevaa nguo za kanisani. Walimtaka Pantxika. Erramun na Pantxika ndio baba na mama yangu.

Mzee Bettiri alimgeukia mrithi, kama desturi inavyotaka. "Unasemaje?"

Graxiana alipanda ghorofani, akashuka na shuka zote mikononi, akazitua mapajani mwa mdogo wake.

"Chukua. Jina la nyumba limeshadariziwa. Usifumue kitu."

Mama alilia. Graxiana akamimina divai, akahakikisha kila mgeni ana glasi. Nami nimezaliwa juu ya shuka hizo.

Yeye aliolewa na Allande, kitinda mimba wa nyumba ya juu, mwanamume mpole aliyehamia kwao akaanza kuitwa Allande wa Urruzpea. Hakumkosea kitu. Lakini kila asubuhi, Graxiana akifungua dirisha la jikoni, wa kwanza kumwona alikuwa baba yangu akitoa kondoo zake. Wakainuliana mikono, miaka na miaka. Nikiwa msichana nilimuuliza kama inamuuma. "Meno nayo huuma," akasema. "Unatafuna upande mwingine."

Wazee walikufa, watoto wake wakakua. Allande kila mara alikuwa akimkumbusha, "Mke wangu, mtaje mmoja. Watu wanauliza." Naye alikuwa akijibu, "Acha waulize." Binti mkubwa akaenda Bayona kufundisha. Wa pili akaenda mbali zaidi, na mama yake mwenyewe ndiye aliyembebea sanduku mpaka kwenye treni. Bondeni wakanong'ona kwamba Urruzpea inabomolewa na mwenyewe.

Akabaki Xan, wa mwisho. Nilikuwa nimekaa nao mezani siku aliyosema, mdomo umejaa maharagwe:

"Mama, nyumba nipe mimi."

Kijiko cha Graxiana kikasimama hewani. "Nani kakutuma? Baba yako?"

"Hakuna. Naipenda tu. Nimefikiria kuongeza zizi upande wa mto."

"Unaweza kwenda, Xan. Sikufungi."

"Najua. Sitaki kwenda."

Graxiana akaondoka mezani. Nilimkuta uani, amekaa juu ya gogo la kupasulia kuni, aproni usoni, mabega yakimtikisika. Nikadhani analia kwa furaha.

"Mama mkubwa, si umepata mrithi?"

Akashusha aproni. Macho yalikuwa mekundu, na yenye mshangao kama ya mtoto.

"Sikujua kwamba mtu anaweza kuitaka," akasema.